Mbio Zije, Ila Zipite Khayelitsha

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Jiji la Cape Town.

YAH: OMBI LA KUHAMISHA NJIA YA MBIO

Waheshimiwa,

Mimi ni Mtanzania, nalinda magari yanayoegeshwa Green Point. Riflekta ni yangu, filimbi ni yangu, malipo ni hiari ya mwenye gari. Kwa hiyo kila mnapoulizwa kama mitaa hii ifungwe ili Formula 1 ipite, mimi huwa nafuatilia kama mtaalamu. Gari la mbio likiingia kubadilisha matairi husimama sekunde mbili au tatu. Hapo hata kiganja sijakinyoosha. Hata hivyo, sikuandika kulalamika. Naunga mkono mbio.

Afrika Kusini haijaandaa Formula 1 tangu Kyalami mwaka 1993, na mwaka 2025 jina la jiji letu lilitajwa tena sambamba na Kyalami. Uzoefu tunao. Tarehe 9 Februari 2023 Rais Ramaphosa alisimama hapa hapa mjini akatangaza hali ya janga la kitaifa kwa sababu ya uhaba wa umeme. Tarehe 25 ya mwezi huohuo tukawakaribisha Formula E, magari ya umeme matupu, wazunguke Green Point. Kuna miji ingeona haya. António Félix da Costa alishinda, walioshangilia wakashangilia, kisha wakarudi makwao gizani kwa zamu. Mwaka uliofuata mbio hizo hazikurudi.

Lakini Formula 1 ni mgeni wa aina nyingine, na hapa ndipo naomba mnisikilize. Tumbo la gari lile liko sentimita chache tu juu ya lami. Las Vegas, Novemba 2023, mfuniko wa valvu ya maji uling'oka barabarani ukapasua Ferrari ya Carlos Sainz. Mazoezi yakakatishwa baada ya dakika kama nane. Mafundi wakaingia kazini, na saa nane na nusu usiku magari yakarudi barabarani. Waheshimiwa, tundu limeonekana usiku na limeshughulikiwa usiku uleule! Watu wa Philippi, kitongoji cha walalahoi cha mji huu, nikiwasimulia watadhani nimelewa. (Sainz, aliyeharibiwa gari, alirudishwa nyuma nafasi kumi kwa kosa la kubadilisha kilichoharibika. Sehemu hiyo wataiamini.)

Kuna pia habari ya daktari. Katika mzunguko wa kwanza, gari la daktari huwafuata madereva kwa nyuma. Helikopta ya wagonjwa lazima iwe tayari, na isipoweza kuruka mbio huweza kusimamishwa. Sasa, kuna maeneo ya Cape Flats, ukanda wa vitongoji kama Philippi, ambako gari la wagonjwa husubiri kwanza polisi walisindikize ndipo liingie. Mgonjwa naye husubiri, akiweza.

Ndiyo maana naomba njia ihamishwe. Ianzie Makhaza, Khayelitsha, mahali ambapo mwaka 2011 mahakama ililazimika kuufundisha mji huu kwamba choo huwa na kuta. Wageni wa tiketi za bei mbaya watataka kuta hizo kabla hakimu hajaamka. Kisha ipite Philippi na Nyanga, taa ziwake kila kona, kila shimo lizibwe, helikopta ingoje. Na ule ukuta wa zege unaozuia gari lisiwarukie watazamaji, wenyeji watawauliza kama unazuia na risasi. Jiandaeni na jibu.

Mtasema kule hakuna mandhari ya televisheni. Hapana, Mlima wa Meza unaonekana vizuri kutoka Khayelitsha. Uko mbali tu, kama vitu vingine vingi vya mji huu.

Mkishikilia kwamba lazima mbio ziwe katikati ya mji, tumieni zile barabara za juu za Foreshore zilizokatikia hewani tangu miaka ya 1970. Hapo hata mstari wa kumalizia hamtauhitaji. Chini ya madaraja ya upande huo kwa miaka mingi wameishi vijana wa kwetu wanaovizia meli za kuzamia. Nimewapelekea habari hizi, wakataka kujua miji mingine iliambulia nini. Nikawaambia habari za Valencia, Uhispania: Formula 1 ilikimbia kando ya bandari kuanzia 2008 hadi 2012, ikaondoka. Lami ikabaki, majani yakaota, na watu wasio na makao wakajenga vibanda juu yake.

Vijana wamefurahi sana. Wanaomba kujua ninyi mtaondokewa lini, na kama nafasi zitagawiwa kwa foleni au kwa kujuana.

Wenu mtiifu,
Mlinzi wa magari, Green Point

Nakala: FIA (wasimamizi wa mbio), Paris