Mtaka Gari Refu Sharti Ainame

Madalali wa magari wanatujua vizuri sisi watu wa Simiyu: tukiona gari refu, akili inakaa pembeni. Liwe Land Cruiser mkonga lililotoka kwenye mradi, liwe Prado, Hilux Surf au hata Noah iliyochoka kwa kazi ya mchomoko, likishanyanyuliwa tu bei inapanda na maswali yanapungua. Mnunuzi analizunguka, anapiga teke tairi, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha anatoa fedha za pamba. Kupiga teke tairi hakujawahi kumwambia mtu chochote. Mwongozo huu unakuomba ufanye kitu kingine: vaa nguo za shamba, tandika gunia, lala chali chini ya gari hilo kabla hujataja bei.

Hamu yetu ya magari marefu ina sababu ya haki. Udongo wa mbuga unaotuzunguka Ngulyati na sehemu kubwa ya Bariadi ni mfinyanzi mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Mvua ikinyesha nusu saa tu, tope linajaza kashata za tairi mpaka tairi linakuwa laini, halishiki kitu. Malori na matrekta yakipita hapo yanachimba mifereji, jua linaikausha, na wiki ijayo ndiyo barabara yenu. Anayeishia kwenye lami ya Lamadi au ya Maswa hawezi kuelewa kwa nini mtu wa kijijini anauza ng'ombe ili gari lake lipande.

Sasa somo ambalo dalali hatakupa. Ukinyanyua gari kwa springi, unanyanyua bodi na chesisi. Kwenye gari la ekseli nzima, kama Land Cruiser mkonga, ekseli inabaki pale pale na difu inabaki nayo, kwa sababu ekseli imekalia matairi. Kinachokaa juu ya tuta la katikati ya mifereji ni ile difu. Springi ya kuongeza sentimita kumi haikuiinua hata milimita moja. Kinachoiinua ni tairi, na tairi lenyewe huinua nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi. La 285/75R16 lina 834. Umeongeza 57, difu imepanda 28. Chini ya sentimita tatu, ndugu yangu, na bei ya tairi moja la aina hiyo unaijua.

Kunyanyua kwa kiasi kuna faida zake, na nitazitetea. Sentimita tano za springi nzuri zinaongeza nafasi kati ya tairi na digadi, tope la mbuga linapata pa kupita badala ya kujazana hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Bampa halichoti ukingo wa korongo wakati wa kupanda. Ngazi za pembeni hazipigi. Zaidi ya hapo unanunua sifa, na sifa hiyo inapinduka. Chukua gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, kitovu cha uzito wake kikiwa mita 0.75 kutoka ardhini. Gawa nusu ya upana kwa kimo hicho: unapata 1. Pandisha uzito huo kwa sentimita kumi, unapata 0.88. Gari limepoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya ukinzani wake wa kupinduka, na bado hujapakia magunia kwenye keria. Kisha liingize kwenye mifereji ya malori, gurudumu moja chini na jingine juu ya tuta, ndipo utaona hesabu hiyo inavyoishi.

Haya, twende kwenye gari. Futikamba kwanza. Usipime kutoka ardhini, maana tairi kubwa au upepo mdogo vitakudanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu, pale kwenye habu, hadi ukingo wa digadi, pembe zote nne. Kisha tafuta gari la toleo hilo hilo ambalo halijaguswa. Halmashauri na miradi wanayo, na dereva ukimsalimia kwa utaratibu, mwangaluka na habari za nyumbani, hatakunyima dakika tano. Tofauti ya vipimo ndiyo mwinuko halisi. Vipimo vya upande wa kushoto na wa kulia vikipishana kwa sentimita mbili, kuna springi iliyochoka au chesisi iliyowahi kupinda.

Halafu lala chini. Gari lililopuliziwa oili chafu au rangi nyeusi uvunguni jana yake, omba lioshwe kwanza au liache. Oili inakula mpira wa bushi, na rangi inafunika mishono ya kuchomelea ambayo ndiyo uliyokuja kuitafuta.

Gari la kuheshimiwa lina springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Springi ya koili ya maana ina namba ya kiwandani; futa tope kwa kitambaa, isome, ipige picha. Old Man Emu, ambazo ni za kampuni ya ARB ya Australia, huuzwa kwa gari moja katika ngazi mbalimbali za mzigo, kwa hiyo namba itakuambia kimo na pia springi ilikusudiwa kubeba nini. Rangi peke yake haithibitishi kitu. Kopo la rangi ya njano linapatikana duka lolote la vifaa, na shokapu iliyokufa inapakika vizuri sana.

Ukikuta spesa, yaani kipande cha mpira, plastiki ngumu au alumini kilichowekwa juu ya springi ya kiwandani, jua kwamba umeuziwa kimo bila springi. Koili ni ile ile iliyochoka, imepandishwa kigoda. Kwenye Hilux na Surf za zamani zenye torsheni baa mbele, hata kigoda hakihitajiki: fundi anakaza bolti mbili, pua inapanda. Dalili zake ni mikono ya chini iliyoelekea ardhini kwa mteremko mkali, mipira ya sivi joint iliyochanika, na gari linalogonga kila likishuka shimoni kwa sababu gurudumu halina tena nafasi ya kwenda chini. Hiyo nayo ni ya kushusha, wala si ya kuboresha.

Nyuma, kwa gari la springi za majani, angalia shaki kama zimerefushwa na kuchomelewa mtaani, na angalia kati ya springi na ekseli. Kitalu kimoja cha chuma kilichokaa sawasawa, chenye pini yake, kinaweza kuvumilika. Vitalu viwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, au kipande cha mbao, au kitalu chochote kwenye ekseli ya mbele, vinatosha kukurudisha nyumbani na fedha yako. Breki ikishikwa kwa nguvu ekseli hujaribu kujizungusha, na kila kitalu kinaipa mkono mrefu zaidi wa kufanya hivyo. Kuna pia wanaoweka vipande kati ya bodi na chesisi. Hao utawajua kwa pengo linaloonekana ndani ya digadi, bampa lililobaki chini peke yake, na mpira wa kujazia mafuta uliovutwa.

Gari moja nataka nilizungumzie zaidi kwa sababu linatufikia sana: Land Cruiser lililofanya utalii. Kule Arusha, Hanspaul na karakana nyingine hurefusha chesisi, hujenga bodi ya viti vingi na paa la kufunguka. Springi zake huchaguliwa kwa uzito huo wote: wageni, mizigo, friji, matairi mawili ya akiba. Likishachakaa kwenye vumbi la Serengeti linauzwa, na mtu wa Ngulyati analinunua abebe familia Jumapili. Springi zile hazijui kwamba wageni wameshuka. Gari likiwa tupu linakaa juu, linarukaruka kwenye changarawe, matairi ya nyuma yanapoteza ardhi kwenye kona. Mnunuzi anadhani huo ndio ugumu wa gari la kazi, analisifia hadi uti wa mgongo unamwuma. Gari zuri, springi si zake. Na pale chesisi ilipounganishwa, pitisha kidole na tochi taratibu: ufa mwembamba wenye kutu kando ya mshono ndio mwisho wa mazungumzo.

Kisha liendeshe, na usiliendeshee lami. Nenda kwenye changarawe yenye mikunjo kwa dakika kumi na tano, simama, gusa shokapu zote nne kwa tahadhari. Shokapu inayofanya kazi hugeuza mtikisiko kuwa joto, kwa hiyo inakuwa ya moto. Ile iliyo baridi wakati wenzake wamepashika imekufa, hata kama inang'aa. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho. Barabarani, achia usukani kidogo ukitoka kwenye kona. Usiporudi wenyewe katikati, na gari likitangatanga kama linatafuta njia, mwinuko umeigeuza pembe ya ekseli ya mbele. Land Cruiser za familia ya 70 zilizopata koili mbele tangu 1999, na zile za 80, zote zina tabia hiyo zikinyanyuliwa bila marekebisho. Dawa yake ni bushi maalumu za kurudisha pembe, na huwa hazipo kwenye gari la dalali.

Umelinunua? Anza kuboresha kwa mzani. Viwanda vya kuchambua pamba vina mizani ya malori. Omba kwa adabu upimiwe gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, mafuta kamili na watu unaowabeba, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Nunua springi kwa kilo hizo. Mwinuko wa sentimita tano unatosha. Shokapu ziende na springi, kwa sababu shokapu ya kiwandani kwenye springi ndefu inageuka kamba ya kuzuia gurudumu lisishuke, na siku moja inang'oka kwenye mshikio wake. Nunua nne za jamii moja. Mbili mpya mbele na mbili za urithi nyuma ni magari mawili yaliyofungwa pamoja.

Msimamie fundi kwenye mambo mawili ambayo karakana nyingi huyaruka. Bolti za bushi zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake, lisiwe juu ya jeki. Zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira unabaki umejipinda na utachanika mapema. Yubolti ziwe mpya, zikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Kisha gurudumu lishushwe mpaka mwisho, usukani ukatwe mpaka mwisho, na paipu ya breki isivutike popote.

Breki yenyewe ina jambo linalonikosesha usingizi. Toyota nyingi za mzigo, Hilux ikiwemo, zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono mdogo wa chuma. Gari likikaa chini kwa mzigo, valvu inaruhusu breki ya nyuma nguvu zaidi, likipanda, inapunguza. Ukilinyanyua bila kuirekebisha, valvu inasoma kwamba gari ni tupu siku zote. Umepakia tani moja ya mbegu na abiria juu, unateremka kuelekea daraja, na breki ya nyuma inafanya kazi ya gari lisilo na kitu. Mshikio wa mkono huo usogezwe kwa kiasi kile kile cha mwinuko. Ni kazi ya saa moja.

Taa zishushwe pia, maana gari refu linampofusha kila anayekuja mbele yako usiku. Ukiweka yale matairi ya 285, mshale ukisoma 50 wewe uko karibu na 54, na askari mwenye tochi hana haja ya kusikia habari za kipenyo. Waambie watu wa bima kwamba gari limebadilishwa, kwa maandishi, kabla halijapata ajali.

Gari la mwinuko wa sentimita tano, springi zenye namba, shokapu nne zinazopashika moto pamoja na usukani unaorudi wenyewe, mpe mwenye nalo bei yake bila kuvutana sana. Lililozidi hapo lishushwe kwanza ndipo mzungumze, au nunua lile ambalo halijaguswa na fedha inayobaki uiweke kwenye matairi.