Rula, Simu na Kikoi

Mpwa wangu anasomea sayansi ya bahari, na mimi nakaa Jambiani. Kwa hesabu zake, hilo linatosha kuniajiri bila mshahara. Bamvua likifika tu, simu inaita: "Shikamoo mjomba. Lile tumbawe la mviringo, ni Favites au Dipsastraea?"

Ukielezwa sebuleni ni jambo jepesi. Tumbawe gumu ni mtaa wa vijinyama, kila kimoja na kijishimo chake cha chokaa. Favites wanaishi kama wapangaji wa uswahilini: ukuta mmoja, vyumba viwili, ukikohoa jirani anasema pole. Dipsastraea kila mmoja kajenga ukuta wake, na katikati kuna kichochoro. Basi, tafuta kichochoro. Nacho ni cha milimita chache tu, kiko chini ya maji yanayotikisika, nawe umeinama na rula mkono mmoja, simu mkono mwingine, kikoi umekibana kwa meno.

Kitabu alichoniachia ni cha zamani, hao wa kichochoro kinawaita Favia. Mwaka 2012 wataalamu waliupanga upya ukoo, jina la Favia wakawaachia matumbawe ya Atlantiki, wa kwetu wakabandikwa jina la kutamkwa na mtu mwenye nafasi mdomoni. Mimi nilikuwa na kikoi.

Wimbi likanisukuma. Nyuma yangu kulikuwa na Porites, ambalo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na sikutaka kisigino changu kifute kazi ya miaka. Nikajishikiza kwenye tawi la rangi ya haradali. Loo! Kumbe Millepora. Nalo hujenga kwa chokaa, hukaa mtaa uleule, lakini kwa nasaba liko karibu zaidi na konyeza, na kuwasha linawasha kikonyeza hasa.

Bibi mmoja aliyekuwa akichokoa pweza akasimama kunitazama.

"Mwanangu, hilo linaliwa?"

"Haliliwi, bibi."

"Lina pweza ndani?"

"Sijui."

"Sasa wapiga picha ya nini?" Akavuta kijiti chake. "Nenda kapake siki. Na kikoi chako kile kinakwenda."

Ni kweli, huwezi kupiga ukelele na kubana nguo kwa pamoja.

Jioni nikatuma picha. Jibu halikuchelewa: kuta zinaonekana, ni Favites, ahsante sana mjomba, ila rula iko wapi? Nikamwambia imefuatana na kikoi.

"Hakuna tabu," akasema. "Kesho maji kupwa saa tano, na duka la madaftari linafunguliwa saa mbili."