Matopasi wa Mji wa Kioo

Hapo kale, kale ya juzi tu, katika ukumbi wa hoteli moja huko Malindi, palizuka mji wa kioo wa lita 200. Bunju akateuliwa kuwa mkuu wake. Samaki wengine wakiogopa hukimbia. Bunju akiogopa huvimba, na wateuzi wakadhani huo ndio ukubwa.

Siku ya pili akatangaza uzinduzi. Chumvi gramu 35 kwa kila lita, joto nyuzi 26, taa za buluu, maji maangavu hata ukadhani hayapo. Familia nane za samaki, vipepeo na kangaja, zikaitwa zije na mizigo yao.

Konokono, aliyeingia mjini bila kibali akiwa amejibanza kwenye jiwe la matumbawe, akapiga hodi. Alisema kwa mbali kidogo, maana bunju hula konokono, hata wa chama chake.

"Mheshimiwa, matopasi hawajafika."

"Matopasi gani?"

"Wale wasioonekana, wakaao kwenye vitundu vya mawe. Kila apumuaye humu hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kundi la kwanza huila, likaacha nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huila hiyo nitriti, likaacha nitrati, ambayo ikiwa kidogo tunaivumilia. Ila hawa hawazaani upesi. Vijidudu vingine huongezeka maradufu kwa nusu saa. Wao huchukua kama siku nzima. Tia kipande cha kamba kioze, wapate riziki, kisha ngoja wiki nne, pengine sita."

Bunju akavimba. "Nizindue mji kwa kamba aliyeoza? Mzee Konokono, wageni wamo njiani!"

Wageni wakafika, wakala, wakashiba, wakaongezwa chakula mpaka kikabaki mchangani. Siku ya nne kangaja walikuwa juu ya maji wakihema, matamvua mekundu kama yaliyopakwa pilipili. Siku ya sita vipepeo wawili wakaelea. Tume ikaundwa. Ikayatazama maji, ikayaona maangavu, ikaandika kwamba maji hayana hatia. Marehemu walikuja na maradhi yao. Hata hivyo, wananchi wasije wakasema hakuna hatua iliyochukuliwa, kijana wa hoteli akaagizwa ayasugue mawe yote kwa maji ya bomba.

Yakang'aa. Matopasi wachache waliokuwa wameanza kushika makao wakafa kwa klorini siku hiyohiyo, na kwa kuwa hawaonekani, ripoti haikuwahesabu.

Maji nayo yalikuwa yakipungua kila siku. Bunju akaamuru yajazwe ya chumvi, kwani huu si mji wa bahari? Konokono akathubutu tena: "Mheshimiwa, kilichopaa ni maji. Chumvi haina mabawa. Tujaze maji matamu yaliyochujwa." Akapewa onyo la maandishi.

Mwishowe mwenye sanduku hilo la kioo akawahamishia walionusurika kwa jirani. Bunju naye akapewa uhamisho, kwa cheo kilekile na posho juu. Mji ukabaki na kipande kimoja cha kamba kinachooza, na Konokono aliyejifungia mlango wa kombe lake. Amonia ikapanda. Baadaye ikaanza kushuka, nitriti ikashika zamu ya kupanda. Mchanga ukafunikwa utando wa kahawia, na wapita njia wakasikitika kwamba mji umeharibika, kumbe ndio kwanza unapata wenyeji. Wiki ya sita vipimo vya amonia na nitriti vikasoma sifuri. Nitrati peke yake ndiyo iliyobaki, na kwa hiyo kijana wa hoteli akapangiwa kutoa sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki na kuweka mapya.

Safari hii wakaletwa samaki wawili tu, wadogo. Bunju akarudishwa kuzindua. Akasimama mbele ya jiwe kubwa akahutubia saa nzima kuhusu maono yake, subira yake, na yule kamba ambaye fikra ya kumwozesha aliibuni yeye mwenyewe. Konokono alikuwa nyuma ya jiwe, mbali na meno. Kila neno la mheshimiwa lilitoka na amonia yake kupitia matamvua, na mle ndani ya vitundu matopasi, ambao hawakuandikiwa hata kadi moja ya mwaliko, walikuwa wakiila.