Juzuu la Pili Limeazimwa

Maktaba ya chuo nilichosoma ilikuwa na msimamo wake kuhusu mapigano ya Tanga: yalipiganwa Ulaya. Sitanii. Vitabu vyetu vilipangwa kwa mfumo wa Dewey, na katika mfumo huo Vita Kuu ya Kwanza imepewa 940.3 na 940.4, ndani ya historia ya Ulaya. Tanzania iko 967.8, ambayo kwetu ilikuwa ghorofa ya chini, jirani na mlango wa choo. Kwa hiyo bandari ni ya Tanga, mikoko ni ya Tanga, nyuki ni wa Tanga, lakini ukitamka tu Novemba 1914 inakubidi upande ngazi uende Ulaya, ghorofa ya pili, ambako feni zote zilikuwa mapambo.

Aliyenipeleka huko ni mhadhiri wetu wa historia ya vita, mzee mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Aligawa mada kwa kupitisha kofia yenye vikaratasi. Jirani yangu alichomoa Stalingrad, mwingine Waterloo, na jioni hiyo hiyo flashi zao zilikuwa zimejaa. Mimi nikachomoa Tanga. Nilifurahi kwa sababu niliona ni nyumbani. Mzee akaipunguza furaha yangu kwa masharti mawili: rejea ziwe za vitabu, si za intaneti, na nisimletee hadithi za nyuki.

Sharti la pili ndilo lililoniuma. Muulize Mtanzania habari za mapigano ya Tanga, atakwambia nyuki. Mbane aongeze, ataongeza nyuki wengine. Na hawasingiziwi. Jenerali Arthur Aitken wa Waingereza alikuja kutoka Bombay na watu wapatao 8,000. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, aliowateremsha kwa treni ya Usambara. Kabla ya yote, tarehe 2 Novemba, nahodha wa manowari HMS Fox aliingia bandarini kwa ustaarabu mkubwa kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoshambulia mji yamekwisha. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika, akawauliza kama wametega mabomu majini. Wakamjibu ndiyo. Muda mwingi ukapotea kuyatafuta, na hayakuwapo. Waingereza wakashukia kwenye mikoko bila upelelezi wa maana, ilhali Lettow alipanda baiskeli usiku, akaingia mjini, akajionea mwenyewe. Kesho yake, katikati ya risasi, nyuki wakatoka wakawachoma watu wa pande zote mbili bila kuuliza bendera. Baadaye ikazuka hadithi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa nyaya, maana jenerali akishindwa ni lazima apatikane mhusika. Waingereza walirudi melini wakiwa wameacha bunduki kwa mamia na risasi 600,000, na Aitken akateremshwa hadi kanali.

Sasa andika hayo yote, na nyuki wasionekane.

Kuingia maktaba kulikuwa na taratibu zake. Begi unaliacha kaunta, unapewa kibao chenye namba. Chupa ya maji marufuku. Kandambili marufuku, ingawa hakuna aliyewahi kunieleza kandambili zinamdhuru vipi Dewey. Ndani kulikuwa na kompyuta moja ya katalogi yenye foleni, na kibodi yake ilikuwa imefutika herufi zote zinazotumika sana. Nikaandika Tanga. Ikaniletea mkonge. Nikaandika Tanga na mwaka 1914. Ikaniletea mkonge wa zamani. Nikaandika jina la Lettow-Vorbeck kwa uangalifu, pamoja na kistari chake, ikakaa kimya kwa muda, kisha ikajizima.

Nikaenda kwa mama wa kaunta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekwama wapi?"

"Natafuta vitabu, mama. Nataka habari za mizinga iliyotumika Tanga."

"Mizinga tu? Si ungekuja moja kwa moja kwangu, unahangaika na lile bati la nini?"

Akatoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo wanafunzi wa mwaka wa tatu waliniambia baadaye hawajawahi kulishuhudia. Akanishika mkono, akanipitisha kwenye falsafa, dini, uchumi, hadi rafu ya 638. "Haya. Kuna ya kienyeji, ile ya magogo, na kuna ya kisasa, ya masanduku. Chukua vyote, uchague mwenyewe."

Ungefanya nini? Mtu mzima ameacha kiti chake, amekushika mkono, na wanafunzi wanatazama. Nikashukuru, nikaketi, nikasoma ufugaji wa nyuki. Kwa mtu aliyekatazwa nyuki, nilijifunza mengi mno. Kwamba nyuki akichoma huacha harufu inayowaita wenzake waje palepale, kwa hiyo anayekaa kupiga makofi mwilini ndiye anayezidi kuchomwa. Kwamba nyuki wa kwetu ni wepesi kuhamaki kuliko wale wa Ulaya. Kwa maneno mengine, kikosi kilichosimama msituni kinapiga risasi na kupunga mikono kilikuwa kinatimiza masharti yote. Hakuna kitabu cha vita nilichokisoma baadaye kilichonieleza jambo hilo vizuri kama mwongozo ule wa kurina asali.

Mama alipokwenda kula, ndipo nilipopanda ngazi.

Huko juu, mapigano ya Tanga yalikuwa chini ya shavu la mwanafunzi wa sheria. Alikuwa amelala juu ya kitabu kinene mno, na kwa kusoma mgongo wake kwa ubavu niliona ndicho hasa ninachokitafuta: historia rasmi ya Waingereza ya vita vya Afrika Mashariki, juzuu la kwanza, kazi ya Charles Hordern, iliyochapishwa mwaka 1941.

"Kaka, samahani. Hicho kitabu unakisoma?"

"Nakisoma," akajibu, macho yamefumba.

Nikasubiri afike mwisho wa ukurasa. Alipogeuka upande wa pili nikabadilishana naye kimyakimya, nikamwachia sheria ya mikataba ambayo kwa vyovyote ilikuwa na manufaa zaidi kwake. Hakuona tofauti.

Kitabu kilikuwa kizuri. Kina uchovu wa kiofisa, kinaeleza maafa kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi, lakini kimetulia na kina ramani. Yaani kilikuwa na ramani. Nilipofika Tanga, ramani haikuwapo. Haikuchanwa. Ilikatwa kwa wembe, na kwa unyoofu ule aliyeikata alitumia rula. Mahali pake palibaki ukingo mwembamba wa karatasi. Mtu mwingine, kwa hasira au kwa huruma, alikuwa ameandika hapo kwa penseli: POLE.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mbele. Juzuu hilo linaishia Septemba 1916. Vita havikuishia hapo. Lettow alikuja kusalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, zaidi ya wiki moja baada ya kupata habari kwamba kule Ulaya kwenyewe wamekwisha kuacha. Nilitaka sehemu yangu ya mwisho ieleze Tanga ilizaa nini, na miaka hiyo miwili ilikuwa lazima. Nikaanza kulisaka juzuu la pili.

Mama wa kaunta hakufikiri hata kidogo. "Limeazimwa."

Kijana wa chumba cha magazeti alikuwa na taarifa tofauti: "Hilo lilikuwa limechakaa, lilipelekwa kushonwa jalada."

Msaidizi wa zamu ya jioni akanitia moyo kuliko wote. "Nimeliona juzi kwa macho yangu. Jekundu hivi. Kuna mtu amelirudisha rafu isiyo yake."

Basi nikapekua kila kitabu chekundu katika jengo lile. Nimefungua vitabu vya uzazi wa mpango, vya useremala, na kimoja cha sheria za mpira wa kikapu. Hatimaye nikajaza fomu ya kuweka oda ili kitakaporudi niitwe. Mama akaniandika kwenye daftari lake kubwa na kuniambia nivumilie, kuna watu watatu mbele yangu.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu mmoja aliyekuja kila asubuhi kusoma magazeti ya bure, mzee wa kofia na miwani yenye kamba. Aliniona nimepiga magoti mbele ya rafu ya chini, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia.

"Mjukuu wangu," akasema, bila kushusha gazeti, "hicho kitabu hakijachapishwa."

"Mwaka huu?"

"Tangu dunia iumbwe. Walitoa la kwanza, la pili hawakulitoa. Inuka, utachafua suruali."

Ni kweli. Waingereza walichapisha juzuu moja tu. La pili halikutoka kamwe. Kwa hiyo kitabu ambacho hakikuwahi kuwapo duniani, kwetu kilikuwa kimeazimwa, kinashonwa jalada, kimeonekana juzi, na kina foleni ya watu wanne. Nimefikiria sana wale watatu walionitangulia. Nadhani wengine wana watoto sasa.

Hapa ucheshi wangu huwa unapungua kidogo. Miaka ambayo juzuu hilo lingeieleza ndiyo miaka ya wapagazi. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, mizigo ikahamia vichwani mwa watu, na mwaka 1917, kwenye mvua na njaa, watu hao wakafa kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa karibu 100,000. Pale Kariakoo, tunapobishana bei ya sufuria, ndipo ilipokuwa kambi yao. Katika kitabu nilichokuwa nacho nyuki wa Tanga walikuwa na sifa zao. Wapagazi walikuwa zaidi hesabu ya mizigo. Nikasema liwalo na liwe, mada yangu itaishia kwa wapagazi.

Kitabu chao kipo. Geoffrey Hodges alitoa kimoja mwaka 1986, kizima juu ya wapagazi hao, na katalogi yetu, ilipowaka, ilikiri kuwa nacho. Hiki kiliazimwa kweli. Mama akanionyesha kadi: aliyekiazima ni mhadhiri wetu, na tarehe ya kukirudisha ilikuwa ya enzi nilipokuwa bado sekondari.

Nikaenda ofisini kwake.

"Shikamoo, mwalimu. Nilikuwa naulizia kitabu cha Hodges, kile cha wapagazi."

"Marahaba. Kipo maktaba. Tatizo lenu vijana hamtaki kutafuta."

Nilikuwa nakiona. Kilikuwa dirishani nyuma ya bega lake, kimesimamishwa wima, kinazuia kioo kisijifunge. Upepo ulikuwa mzuri sana ofisini mle.

"Nimekuelewa, mwalimu," nikasema, nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Kumwambia mhadhiri ageuke nyuma ni ujasiri ambao hata askari wa Lettow hawakuombwa. Wapagazi nikawapata kwa mzunguko, kwenye tanbihi za vitabu vya watu wengine, kurasa mbili hapa, aya moja pale.

Ilibaki ramani. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi nilikwenda stesheneri iliyo nje ya geti kuchapa kazi yangu. Yule kijana wa mashine akasoma jalada, akatikisa kichwa kama daktari. "Tanga. Mwaka huu uko peke yako?" Nikamwambia niko peke yangu. "Na ramani utaweka, au?"

Akafunua kioo cha meza yake. Chini yake, safi, imenyooka, kingo zake zimekatwa kwa rula, ilikuwa ramani ya mapigano ya Tanga kutoka juzuu la kwanza. "Ya rangi buku, nyeusi mia tano. Kila mwaka mnakuja." Nikamuuliza aliipata wapi. Akasema aliikuta hapo kwa mwenye mashine wa kabla yake. Nikachukua ya rangi.

Nilipata B. Ramani ilisifiwa. Pembeni ya aya ya tarehe 4 Novemba, pale nilipowaficha wale wadudu kwa utii mkubwa, mzee aliandika kwa kalamu nyekundu: "Umewasahau nyuki?"

Basi wewe uliyechomoa kikaratasi cha Tanga mwaka huu, nakusihi usiharibu macho yako. Ramani iko stesheneri, nje ya geti, chini ya kioo. Wapagazi wako dirishani kwa mwalimu, na ukienda siku isiyo na joto huenda akakubali kufunga dirisha. Nyuki waweke, hata akikukataza. Na mama wa kaunta akikuambia juzuu la pili limeazimwa, mwambie afute jina langu kwenye lile daftari ili angalau usogee nafasi moja.