Hotuba ya Bingwa wa Vidonge Sokoni Ngungu

Waheshimiwa wakaaji wa Ngungu, baba na mama, na nyinyi vijana wa pikipiki, zimeni mashine msikie elimu! Mbele yenu amesimama Profesa, Daktari, Mtaalamu wa Bongo zote za Masisi na nusu ya Walikale. Vyeo nimejipa mwenyewe, maana hakuonekana mtu wa kunipa.

Leo nafundisha juu ya ugonjwa wa mawazo mengi. Muganga anakuandikia fluoksetini, kidonge kimoja kwa siku, halafu anakwambia ungoje majuma mawili hadi manne. Manne! Risasi zinalia, umebeba godoro kichwani, subira hiyo utaitoa wapi? Mimi nasema: ongeza sertralini juu yake. Ng'ombe mmoja wa Masisi akijaza ndoo, wawili si watajaza mbili?

Juzi infirmiye mmoja, kijana asiye na adabu, akanyoosha mkono. Eti dawa hizo mbili kazi yao ni ileile: zote zinazuia serotonini isirudi ndani ya chembe za ubongo ilikotoka, basi ya pili haiongezi furaha, inaongeza sumu. Eti fluoksetini inalichelewesha ini kuvunja amitriptilini, dawa nyingine ya mawazo, dozi ndogo ikawa kubwa mwilini. Eti hata tramadoli mnayomeza mkishashusha magunia ya viazi inapandisha serotonini! Nikamwuliza: una koti jeupe kama langu?

Hakukoma. Akasimulia habari za New York, mwaka 1984: Libby Zion, msichana wa miaka 18 aliyekuwa akitumia fenelzini ya huzuni, akachomwa pethidini, dawa ya maumivu, hospitalini, akafa kabla ya siku kwisha. Nikamjibu kisomi: New York ni mbali.

Ushahidi ninao. Mteja wangu mmoja alimeza mchanganyiko asubuhi. Jioni mikono ilitetemeka, jasho likamtiririka katika baridi hii yetu, tumbo likaendesha, misuli ya miguu ikarukaruka yenyewe. Nikawatangazia jamaa zake: dawa imekubali! Nikamwachisha fluoksetini, nikambakizia yangu. Yule kijana akadai fluoksetini hukaa mwilini majuma kadhaa hata ukiiacha. Vitabu vimemharibu.

Haya, toeni franga. Ila mgonjwa wenu akitetemeka, joto likapanda, akaanza kuropoka, msimlete kwangu. Mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, mbebe na vidonge vyote alivyomeza, muganga avione. Na jina langu msilitaje.