Mombasa Imehamia Uhispania

Mombasa iko Uhispania, kusini kidogo ya mji wa Toledo. Kilwa iko Ureno, jirani na Alcobaça. Hayo si maneno yangu, ni ya seva za ramani, na zikishayasema hazioni haya. Mombasa ipo kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta na nyuzi 39.7 mashariki. Namba hizo ukizipangua, iliyopaswa kuwa ya pili ikatangulia, ile hasi ya kusini inageuka kuwa ya magharibi, na kisiwa kizima pamoja na Fort Jesus kinahamia nchini kwa Philip wa Pili, mfalme ambaye ngome hiyo ilijengwa kwa amri yake. Kilwa nayo, Wareno waliifuata wenyewe kwa merikebu mwaka 1505 wakaipora. Safari hii imewafuata kwao.

Wa kulaumiwa ni wengi. Kuna kiwango kiitwacho WMS, ambacho seva na programu za ramani hukitumia kuombana picha. Toleo la 1.1.1 lilitanguliza longitudo. Likaja toleo la 1.3.0 likasema kwamba katika mfumo wa EPSG:4326 latitudo ndiyo itangulie, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwenye daftari la EPSG, lililoanzishwa na wapimaji wa makampuni ya mafuta ya Ulaya. Waandishi wa programu wakagawanyika: wengine wakatii, wengine wakatii nusu, wengine nadhani hawajapata habari hadi leo. Kwa hiyo mtu anaomba ramani ya Mbagala, seva inakwenda kuitafuta Uhispania, haikuti kitu, inamrudishia picha nyeupe pee.

Hiyo picha nyeupe ndiyo iliyonichosha. Kosa ungeliona ungelishughulikia; picha nyeupe inakuja kwa adabu zote, kana kwamba Mbagala haina hata kichochoro. Nikaona niiongezee kipengele kimoja seva ya programu huria. Ziko kadhaa: MapServer ilizaliwa Chuo Kikuu cha Minnesota miaka ya 1990, GeoServer ilianzia New York mwaka 2001, na nyinginezo. Niliyoichagua naisitiri jina. Kipengele chenyewe kilikuwa hiki: ombi likiangukia nje ya ramani, lakini ukizigeuza namba linaangukia ndani, seva iandike onyo kwamba huenda muombaji amegeuza.

Msimbo wake ulikuwa mistari michache, wala haukunisumbua. Shughuli ilikuwa kwingineko. Kwanza huwezi kuijenga seva bila kushusha maktaba zake zote, na maktaba moja inaita nyingine, na hiyo nyingine ina ndugu zake. Bando likakata katikati. Nikaongeza bando, ukakatika umeme. Halafu ikaja fomu ya makubaliano, ya kuthibitisha kwamba msimbo ni wangu na nimeutoa kwa hiari. Fomu ilitaka mtaa, namba ya nyumba na msimbo wa posta, na haikukubali sehemu iliyoachwa wazi. Mimi wageni wangu huwa nawaelekeza washuke kituo cha msikiti, wamuulize muuza mkaa. Nikaandika hivyo hivyo. Ikapita.

Ombi la kuunganisha msimbo nililiandika kama tulivyolelewa. Nikaanza na salamu, nikawaulizia hali zao na za familia, nikawashukuru kwa kazi kubwa, ndipo nikalitaja jambo langu. Mkaguzi, mtu wa kujitolea anayeamka wakati mimi nalala, akajibu: kuna nafasi tupu mwishoni mwa mstari wa 48. Basi. Hata "nzuri" hakuna.

Nikaifuta nafasi. Wakaingia wengine, sasa wakijadili kipengele kiitwe nini kwenye faili la mipangilio. Kilikuwa kikao cha harusi kamili: bajeti imepita bila swali, watu wanakesha kwenye rangi ya vitambaa vya mezani. Mmoja akataka kiambishi, mwingine akasema kiambishi hicho kimeshachoka, wa tatu akashauri tusubiri toleo lijalo.

Mjomba akanikuta bado naandika usiku.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hao wanakulipa bei gani?"

"Hawalipi, Mjomba. Ni ya kujitolea."

Akaiangalia laptopu, akaniangalia mimi. "Na bando je?"

"Langu."

"Na sasa wanakukatalia?"

Nikamwambia hawajakataa, wanajadili jina. Akaenda kulala.

Mwishowe kikakubaliwa, kwa sharti kwamba kije kikiwa kimezimwa. Anayekitaka akiwashe mwenyewe. Ofisini akakiwasha kijana wetu wa mitambo, bila kujua kimetoka wapi. Kumbe ipo programu moja ya zamani inayotuomba ramani kinyumenyume mchana kutwa, na kila mtu akiisogeza picha kidogo, maonyo yanamiminika kwenye kumbukumbu za seva. Diski ikajaa, seva ikalala na ramani zote.

Ripoti ya kwanza ya kukilalamikia kipengele changu ikaandikwa kutoka meza ya pili, na kijana yule yule anayeniamkia kila asubuhi. Kule hakuweka hata habari za kazi. Wenye mradi wakanipa mimi niishughulikie, kwa kuwa kipengele ni changu, na kijana alikuwa ameambatanisha marekebisho. Nikayasoma yote kwa makini, kisha nikamwandikia kwamba kuna nafasi tupu mwishoni mwa mstari wa tisa.