Namna ya Kugawa Ufunguo wa Wingu Ukiwa Idjwi

Wandugu, koperative yenu ya kahawa imepata kompyuta, paneli ya jua juu ya depo, na kijana aliyerudi kutoka Bukavu akisema kilo zisiandikwe tena kwenye daftari, ziende winguni. Msimkatalie. Kuna miaka ambayo kahawa ya kisiwa cha Idjwi ilivushwa usiku kwa mtumbwi hadi Rwanda, na wengine hawakufika ng'ambo. Hesabu zinazosafiri bila kupiga kasia ni maendeleo.

Atawaeleza kwamba mizani haiwezi kuingia winguni kwa jina la Papa Prezida wa koperative. Inataka akaunti ya huduma, yaani mtumishi asiye mtu: hali, halali, hadai mshahara, anafanya kazi moja aliyotumwa. Akifika hapo kwenye "kazi moja", mkatizeni.

Maana hiyo ni tabia ya wazee. Kwenye Muganuro, sikukuu ya malimbuko ya mwami, koo zilikuwa na kazi zake. David Newbury alichapisha mwaka 1991 kitabu kizima kuhusu wafalme na koo za kisiwa hiki. Ukoo huu hili, ukoo ule lile, na hakuna wa kuingilia. Usumbufu mtupu! Ninyi mtumishi wa mizani mpeni cheo cha Mmiliki. Ataandika kilo, na siku akipenda atafuta hesabu za msimu mzima, ataalika wageni, atawasha mashine mia moja huko Johannesburg kwa deni la koperative. Vyeo vidogo vipo, hata cha kuandika kwenye jedwali moja tu, ila kuvitafuta kunakula betri, na jua linazama.

Sasa ufunguo ambao mtumishi huyo huingilia winguni. Ni faili dogo, na Google Cloud hulitoa mara moja tu. Likipotea halirudi, mtatengeneza jingine. Kwa hiyo lisambazeni mapema: kundi la WhatsApp la koperative, flashi ya karani, simu ya nahodha wa boti ya Bukavu. Chapisheni na nakala ya kubandika kando ya mizani. Herufi zake hazisomeki. Ulinzi gani mwingine mnautaka?

Kijana naye auchomeke ndani ya programu yake, aipandishe GitHub, ghala la programu mtandaoni. Wakubwa wamepita njia hiyo. Mwaka 2016 wezi waliingia kwenye hifadhi ya Uber huko GitHub, wakakuta ufunguo wa wingu la Amazon, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57. Dunia iliambiwa mwaka uliofuata. Na hifadhi ile ilikuwa imefungwa! Ya kwenu iacheni wazi. Kuna roboti zinazopekua humo usiku na mchana, zitakuwa zimeuokota kabla boti ya asubuhi haijajaza abiria.

Fundi fulani atawashauri mtumie vibali vya muda vinavyokufa vyenyewe baada ya saa moja. Saa moja! Mwambieni ufunguo wa faili hauna siku ya kufa usipoipanga, na ninyi hamkuipanga.

Onyo moja tu: akaunti moja haibebi zaidi ya funguo 10. Zikijaa, msiguse ule wa karani aliyehamia Goma baada ya kugombana na Papa Prezida, anaweza kuuhitaji. Fungueni akaunti ya pili, muiite "mizani-mpya-ya-kweli", nayo muipe Umiliki.